Mionzi ya angani na setilaiti zetu: kweli au kisingizio?

Fundi_Antena: Wakuu, salaam. Kila setilaiti ya redio ya ridhaa ikigoma naambiwa "ni mionzi". Inakuwaje mionzi iue kompyuta halafu redio ibaki nzima?

Babu_Mawimbi: Si kisingizio, mkuu. Chukua AO-10, setilaiti ya redio ya ridhaa. Ilirushwa Juni 1983 kwa roketi ya Ariane. Ilipoachiwa tu, kipande cha mwisho cha roketi kikaigonga kwa nyuma (bahati gani hiyo!), na haikufika kwenye njia iliyopangiwa. Ikawa inakatiza mikanda ya Van Allen (maeneo yenye mionzi mikali yanayoizunguka Dunia) kila mzunguko, na memori yake haikuundwa kuhimili hayo. Protoni moja ikipenya kwenye chipu, 0 inageuka 1. Hilo programu hulirekebisha. Ila dozi ya mionzi ikijilimbikiza kwa miaka, chipu yenyewe hufa. Mwaka 1986 memori ikaharibika na kompyuta ikawa haina kazi. Transponda (redio inayopokea mawimbi na kuyarusha tena duniani) haikuihitaji kompyuta ili kurudisha sauti, kwa hiyo jua likipiga paneli watu waliendelea kuongea miaka mingi. Bikoni (ishara ya utambulisho ya setilaiti) ya 145.81 MHz ikabaki mluzi mtupu, bila data.

Pwani73: Mzee, na ule mluzi ulikuwa unayumbayumba?

Babu_Mawimbi: Ukiyumba, umeme umepungua. Unaachia maiki, unaiacha setilaiti ichaji. Wabishi wasioachia maiki hawakosekani. Iliyofuata, AO-13 ya 1988, ilipewa memori inayostahimili mionzi.

Fundi_Antena: Nimekupata, mzee. Shukrani.