Bwawa la majitaka limejaa tope, mto umegeuka kijani

Wakuu, naomba ushauri kwa wenye uzoefu. Mji wetu ni mdogo. Majitaka hupita kwenye mabwawa matatu ya wazi, kisha mtoni. La kwanza limejaa tope, kwa hiyo maji hayakai muda wa kutosha bakteria wayasafishe. Mtoni mwani umetanda, na alfajiri samaki huja juu wakihema. Nahisi naitrojeni na fosforasi zinaulisha mwani, nao usiku unamaliza oksijeni. Wengine wanataka mashine za kupuliza hewa (umeme atalipa nani?). Mimi naona tutoe tope kwanza, kisha tupande matete ya kuchuja maji. Ila tope lina mayai ya minyoo: tulikaushe vipi kabla halijapelekwa shambani? Na sampuli za mto tuchukue saa ngapi?