Mpichesi wangu wa Newala una miaka minne, majani tu, ua hata moja hakuna. Nifanyeje?

Binti Uwanda
Habari za jioni wadau, wakubwa shkamoo. Naomba mwenye kuijua hii miti anisaidie maana huku kwetu hamna wa kumuuliza, kila mtu korosho tu, ukitaja pichesi mtu anakuuliza ndo nini hiyo.

Iko hivi, nilienda Njombe kwenye msiba upande wa mume, tukarudi na mapichesi nusu ndoo, njiani tumekula weee mpaka Masasi zimebaki kokwa. Shemeji alishaniambia usizipande hivihivi, zitie kwenye mchanga mbichi uweke kwenye friji miezi miwili, basi nikaomba nafasi kwenye friji ya jirani anayeuza barafu. Kokwa kumi zikaota tatu, mbuzi kala mbili, ukabaki huu mmoja. Nikasema Newala na sisi baridi ipo bana, mwezi wa saba ukisimama pale Shimo la Mungu asubuhi unatetemeka na sweta juu.

Mti umekua jamani, umepita bati. Upo nyuma ya bafu la nje, maji yote ya kuogea yanaishia pale, na samadi ya mbuzi naweka kila mwezi. Lakini ua sijawahi kuliona. Afu sasa shina linatoa kitu kama ulimbo, rangi ya asali, kikikauka kinakuwa kigumu kama kioo. Mama mkwe anasema huo dume ukatwe kuni. Mume anataka apande mkorosho, kama vile iliyopo haitoshi. Nisaidieni kabla panga halijapita.

Kidume cha Tandahimba
Dume hilo, pigilia msumari 😂 bibi yangu mpapai wake alipigilia mwezi uliofuata ukabeba

Chikongola Boy
Dada unajitesa. Nyie mna miembe, mna mifenesi, msimu wa mabibo mnatupa hadi mnayakanyaga, pichesi ya nini? Nenda sokoni kanunue ming'oko ule ulale

Mama Plamsi
Dadangu pole, mi niko Lushoto nimekulia kwenye hii miti. Kwanza msumari usipige, pichesi haina dume na jike, ua moja lina vyote na mti mmoja unajitosheleza. Ukipigilia msumari unafungulia ugonjwa tu.

Shida yako ni usingizi. Mpichesi asili yake China, kwenye baridi ya kweli unapukutisha majani yote unalala, na ukiwa umelala ni kama unahesabu masaa ya baridi, yale ya nyuzi 7 kushuka chini. Aina nyingi za Ulaya zinataka 600 mpaka 1,000 ndo ziamke na maua. Hizi zetu za nyanda za juu hazitaki mengi hivyo la sivyo zisingezaa hata Njombe, ila Njombe ni karibu mita 2,000 na kuna asubuhi umande unaganda mweupe shambani. Baridi yenu ya sweta wewe unaisikia, mti hauihesabu.

Na wewe ndo umezidi kuunyima usingizi. Maji ya bafu kila siku, samadi kila mwezi, utalala saa ngapi? Wenyewe unaona kila siku masika, unatoa majani tu. Hebu niambie, huo ulimbo una vumbi kama la mbao ndani yake, au ni safi?

Binti Uwanda
Asante mama. Nimeenda na tochi sa hivi, nimebandua kwa kucha, ni safi kabisa unapitisha mwanga, vumbi hamna wala tundu. Ila chini pale udongo umelowa unanuka sabuni, nimekanyaga ndala ikabaki.

Mama Plamsi
Basi siyo dudu, ungeona vumbi. Huo mti unalia maji. Pichesi mizizi ikikaa kwenye tope haichukui muda inaoza. Kesho chimba mfereji maji yaende kwenye migomba, yenyewe itakushukuru. Samadi acha mpaka mvua za mwezi wa 12.

Afu mwezi wa sita, kiangazi kikishakolea, nyofoa majani yote kwa mkono, moja moja, usivute ukang'oa na kijicho pale kwenye kikonyo maana ua linatokea hapohapo. Wakulima wa matufaa kule Batu, Indonesia, wanafanya hivyo miaka mingi, nchi ya joto ila wanavuna. Na matawi yaliyosimama wima yainamishe kwa kamba na vigingi, tawi likilala linapunguza kukimbilia juu. Usikate ovyo matawi ya mwaka jana, hayo ndo yanayobeba.

Mtaalam Njaa
Mama Plamsi yuko sahihi ila asikupe matumaini makubwa sana, Batu nako ni mlimani usiku kunapoa. Kama pesa ipo tafuta mche wa kubebesha wa aina zisizotaka baridi nyingi, Florida kule Marekani walizalisha kama FloridaPrince, inataka masaa kama 150. Hata hayo 150 sijui Newala utayatoa wapi 😅 ila ni afadhali kuliko kokwa, maana mti wa kokwa haufanani na mama yake, unaweza kuzaa tunda kama gololi.

Mama Plamsi
Ndo maana nimesema ajaribu, sijamwambia afungue genge.

Fundi Salfa
Nyongeza ndogo, ukiona majani machanga yana unga mweupe usishangae, ni ndugu yake ubwiriunga wa korosho, salfa hiihii inasaidia. Piga asubuhi jua halijachoma.

Chikongola Boy
Ukizaa mnitumie moja nione nalo likoje

Binti Uwanda
Nimewasoma wote. Mfereji umechimbwa leo, mume mwenyewe kashika jembe baada ya kusikia migomba itanufaika. Tumekubaliana panga lisubiri mpaka msimu wa korosho uishe, kama hamna ua basi mama mkwe achukue kuni zake. Matawi mawili nimeshayainamisha, moja upande wa jikoni moja upande wa bafu. La upande wa bafu limesharudi juu, mbuzi kaila kamba.