Skripti inaingia kwenye kanzidata ya chuo, lakini matokeo hayaji

mtafiti_mimea:
Wakuu, habari za usiku. Nafanya tasnifu ya uzamili kuhusu mimea ya dawa. Nina majina 340 ya kisayansi na kila moja nalitafuta kwenye kanzidata ya makala ambayo chuo chetu kinailipia, ya kuingia kwa nywila. Kwa mkono nimemaliza 46 kwa wiki nzima. Nikaandika skripti, yaani programu fupi, kwa lugha ya Python: inatuma nywila, inapita kwenye orodha, inahifadhi ukurasa wa matokeo. Seva inajibu 200 kila mara, yaani msimbo wa kusema ombi limefanikiwa. Nimeamka saa nane usiku kuangalia, nakuta mafaili 294, yote ukubwa mmoja, hata baiti moja haitofautiani. Nimefungua la mwarobaini, nimefungua la mlonge: yote ni ukurasa wa kuingilia. Nakosea wapi?

fundi_kodi:
Mkuu, 200 inakuambia tu kwamba seva imekupa ukurasa, haisemi ni ukurasa gani. Nadhani unaita requests.post halafu requests.get mbalimbali, kila ombi linafika kama mgeni, kuki uliyopewa mlangoni (alama ya kukutambulisha kwa seva) imeshapotea. Tengeneza requests.Session() moja, ndiyo inayotunza kuki, uitumie mwanzo hadi mwisho. Halafu tazama chanzo cha ile fomu ya kuingilia. Mara nyingi kuna sehemu iliyofichwa yenye tokeni ndefu, yaani msimbo wa uthibitisho, inayobadilika kila ukifungua ukurasa. Vuta ukurasa kwanza, ichomoe tokeni, itume pamoja na nywila. Na kama nywila umeiandika ndani ya faili la skripti, itoe leo hii, iweke kwenye vigezo vya mazingira, yaani thamani zinazotunzwa kwenye kompyuta nje ya faili la skripti.

mtafiti_mimea:
Tokeni nimeiona, ipo kweli! Na nywila ilikuwa ndani ya faili, nimeshaibadilisha.

mkutubi:
Mdogo wangu, kabla hujaiwasha tena naomba unisikilize. Nimefanya kazi maktaba miaka mingi. Mikataba mingi ya kanzidata hizi inakataza kuvuta kwa programu, na anayefungiwa si wewe peke yako, ni anwani ya mtandao ya chuo kizima. Oktoba 2010 JSTOR, kanzidata ya makala za kitaaluma, waliifungia MIT yote, chuo kikuu cha Marekani, kwa siku kadhaa kwa sababu ya upakuaji wa aina hiyo. Kwetu iliwahi kutokea wiki ya kukabidhi tasnifu. Nilishinda mlangoni nikiwaeleza wanafunzi kwa nini hawawezi kusoma chochote.

Na skripti huihitaji. Unganisha majina 20 kwa OR (yaani "au"), kila jina ndani ya alama za nukuu: utafutaji 17 tu, kwa mkono, kihalali. Yale yenye jina la zamani weka yote mawili, mfano "Senna occidentalis" OR "Cassia occidentalis". Pakua rekodi kwa muundo wa RIS, faili la maandishi la taarifa za makala. Ukitaka kweli kutumia programu, anza na PubMed, kanzidata ya bure ya makala za tiba. Wao wamekuwekea mlango wake, E-utilities, maombi 3 kwa sekunde bila ufunguo (msimbo wa kukutambulisha) na 10 ukiwa nao. Kwa hii ya kulipia, mwandikie mkutubi wako aulize kama wana API, yaani mlango rasmi wa programu kama huo.

fundi_kodi:
Namuunga mkono mkutubi, mimi sikuuliza kuhusu mkataba na nilipaswa kuuliza. Python yako itumie kwenye faili la RIS hapo kwenye kompyuta yako: soma mistari ya TI (kichwa cha makala) na AB (muhtasari), hesabu kila jina limetokea kwenye rekodi ngapi. Hapo hakuna seva ya kuisumbua.

mtafiti_mimea:
Nimerudi. Utafutaji 17 nimeumaliza jana kati ya adhuhuri na alasiri. Hesabu kwa Python ilichukua sekunde chache. Senna occidentalis ilinishtua: rekodi 41 ziko chini ya Cassia pekee, na kwenye zile 46 za mwanzo sikuwa nimetafuta jina la zamani hata moja. Matokeo yale ya mkono ya zile 46 nayatupa, natumia haya mapya. Dada mkutubi, barua ya kuuliza API nimeshaipeleka maktaba.