Koti la mvua limeyeyukia kwenye ekzosi, nalitoaje bila kuharibu kroma?

boda_wa_soweto:
Wakuu habari za mchana. Naombeni msaada wa haraka. Jana jioni nimempakia abiria Mwanjelwa anaenda Uyole, mvua ya Mbeya mnaijua haibishi hodi, akavaa koti lake refu la mvua la njano akakaa. Kufika Nane Nane nasikia harufu ya plastiki inaungua nikajua waya, napaki pembeni kuangalia kumbe pindo la koti limelala kwenye bomba la ekzosi pale linapoingia kwenye sailensa, limeyeyuka lote limeshika. Abiria analia na koti lake mimi nalia na pikipiki. Sasa hivi kuna bonge jeusi limeganda na pembeni limetapakaa njano njano, nikiwasha tu linatoa moshi unakaba. Pikipiki ni ya mkataba na bosi huwa anapita kukagua, kroma ndo kitu cha kwanza anachoangalia. Nimeshauriwa msasa kijiweni ila roho inasita.

mtoto_wa_kabwe:
Petroli tu mkuu, chovya tambara sugua bomba likiwa bado la moto, inatoka kama haikuwepo

spana_namba_kumi:
Huyo hapo juu usimsikilize kabisa. Petroli na bomba la moto haviendi pamoja, mvuke wa petroli unashika moto hata kwenye baridi ya Makete sembuse hapo kwenye ekzosi iliyotoka barabarani, na tangi liko juu yake. Halafu hata ukiweka pikipiki ikiwa imepoa petroli haiyeyushi hiyo plastiki, utapata tambara chafu tu.

Na msasa uache. Watu wanadhani kroma ni unene wote wa bomba, hapana, ni utando mwembamba mno kuliko unywele umepakwa juu ya nikeli, chini yake ndo chuma chenyewe. Msasa ukipita hapo unaondoka na plastiki na kroma yako, na kwa mvua zetu hizi kutu inaanza hapohapo, bosi ataona kitu kibaya kuliko alichokuwa anakiogopa.

Fanya hivi. Washa pikipiki iache ingurume imesimama kidogo kwenye uwazi sio ndani ya banda, bomba lipate joto plastiki iwe laini lakini isianze kutoa moshi. Zima. Chukua kijiti cha mbao, mwiko wa zamani au kipande cha mti mgumu ukichonge ncha bapa kama patasi, vaa glavu za ngozi, kwangua taratibu kuanzia pembeni unaingia ndani. Ikipoa ikagoma washa tena, usilazimishe. Bonge lote litatoka kwa mbao, hutahitaji bisibisi. Ila jibu kwanza hilo koti ni la aina gani, lile zito linalonuka kama turubai jipya au lile jepesi la kitambaa?

boda_wa_soweto:
Zito fundi, lile linalokakamaa kwenye baridi

spana_namba_kumi:
Basi hilo ni la plastiki ya PVC, ndo maana moshi unakaba, likiungua linatoa gesi yenye asidi. Usiinamishe uso hapo na usijaribu kulichoma limalizike kama wengine wanavyofanya, maana hiyo asidi ndo inakula kroma. Ingekuwa plastiki ya mfuko wa salfeti, ule wa kusuka wa viazi, nisingekuwa na wasiwasi sana, ile inalainika kwenye nyuzi 160 hivi na inavutika. Nailoni ndo sumbufu, mpaka ipite 200 na kitu.

dada_wa_gangilonga:
Kamwene wakuu. Hapa Iringa nami nilipata hii kwa soli ya raba ya abiria, ilivyobaki lile doa jeusi nilitumia karatasi ya foili, ile ya kufungia chipsi. Bomba likiwa limepoa kabisa unaikunja kidonge, unachovya kwenye maji unasugua doa, foili ni laini kuliko kroma kwa hiyo haichani. Taratibu tu, kuna sehemu ilinichukua muda. Stilwaya ya kuoshea masufuria sishauri, ile ya jikoni ni ngumu inaacha mikwaruzo.

mtoto_wa_kabwe:
Na kostiki ya kutengenezea sabuni je? Jirani yangu anatumia kwenye sufuria zilizoungua

spana_namba_kumi:
Kwenye sufuria za chuma sawa, kwenye pikipiki una kava za injini za aluminiamu hapohapo jirani, kostiki inazila. Na ikikurukia jichoni ni habari nyingine kabisa. Kwa kazi ya koti moja haina maana.

boda_wa_soweto:
Nimerudi wadau. Nimefanya ya mbao, nilichonga kijiti cha mkaratusi, bonge limetoka vipande vipande linavutika kama ubani, baadae foili na maji. Njano imeisha yote, imebaki kama kivuli cha rangi ya bluu hivi, hicho nacho kinatoka?

spana_namba_kumi:
Hicho sio plastiki tena, ni kroma imebadilika rangi kwa joto. Angalia karibu na injini utaona rangi hiyohiyo na hakuna koti lililogusa pale. Muoneshe bosi zote mbili asidhani umeficha kitu. Swali langu, bati ya kinga ya pembeni iko wapi? Maana koti lisingefika kwenye bomba lenyewe.

boda_wa_soweto:
Haipo fundi, nimekabidhiwa pikipiki ikiwa hivyo, yamebaki matundu ya bolti tu

dada_wa_gangilonga:
Mwambie bosi aweke hiyo kabla ya kuuliza kroma. Abiria akigusa bomba kwa mguu ni kidonda, na koti atakudai wewe.

spana_namba_kumi:
Nenda wanakouza vifaa vilivyotumika, beba pikipiki yenyewe wapimishe matundu, usikubali ya kukadiria. Na bolti ziwekee pete ya springi (washa) maana mtetemo ndo unaziangusha. Mpaka upate, abiria mwenye koti refu akalie mapindo.

boda_wa_soweto:
Ndaga fijo fundi. Naenda kesho asubuhi kabla haijanyesha.