Waliopitia Athens, Ohio: tupeane uzoefu wa mji wa chuo

Mwalimu wa Zamu (mleta mada)

Wakuu, salaam. Jana nilikuwa napanga stoo nikakutana na tofali langu. Tofali zima, kilo nne na ushee, ubavuni limechapwa ATHENS BLOCK. Mke wangu kila mwaka anauliza lini litatoka humu ndani, na kila mwaka najibu hilo tofali limelipiwa uzito wa ziada uwanja wa ndege, haliendi popote.

Nilikaa Athens mwaka mmoja nikifundisha Kiswahili. Siyo Athens ya Ugiriki, ingawa mzee wangu kijijini aliwatangazia watu msikitini na kanisani kwamba kijana yuko Ugiriki, na sikupata nguvu ya kumsahihisha. Ni Athens ya Ohio, kusini mashariki mwa jimbo, mwendo wa kilomita 120 hivi kutoka Columbus kwa barabara namba 33. Unatoka kwenye tambarare za mahindi, mara vilima vinaanza kukubana huku na huku, misitu, ukungu. Nikasema moyoni, hawa wamenileta Lushoto.

Mji ni mdogo. Sensa ya 2020 wakazi hawafiki 24,000, na humo wanafunzi nao wamehesabiwa. Chuo chenyewe, Ohio University, kilianzishwa kwa sheria mwaka 1804, jimbo lenyewe la Ohio likiwa na umri wa mwaka mmoja. Yaani pale palikuwa msitu, wakapima viwanja, wakasema hapa patakuwa na chuo, na ndiyo maana wakapaita Athens. Jengo la Cutler Hall lilianza kujengwa 1816 na bado linatumika, kengele inalia. Mwaka 1828 alihitimu pale John Newton Templeton, mtu aliyezaliwa mtumwa South Carolina. Niliwaeleza wanafunzi wangu hilo kwa Kiswahili kibovu cha makusudi ili waelewe, wengi wao walikuwa hawalijui.

Kilichonishinda ni barabara. Mitaa ya katikati imetandikwa matofali, na mji uko kilimani. Yakishika barafu mwezi wa kwanza, utatambaa. Kuna mteremko wanauita Jeff Hill, pale nimeanguka mbele ya darasa langu zima. Msichana mmoja akanishika mkono akasema, "Pole mwalimu." Niliwafundisha neno hilo wiki iliyotangulia, nikawaambia Kiingereza hakina. Basi uchungu ukaisha.

Najua humu kuna waliopita pale kwa miaka tofauti. Tiririkeni.

Dada wa Nakuru

Umenikumbusha mbali. Kwanza tuelewane kuhusu jina: Ohio University siyo Ohio State. Ile ya Columbus ndiyo kubwa, yenye wanafunzi kama mchanga. Mimi nilipopata barua, mjomba wangu aliyeko Columbus akasema vizuri, utakuwa unalala kwangu na kwenda shule kwa miguu. Kwa miguu! Na shangazi mwingine akanitafutia tiketi ya kwenda Atlanta, kwa sababu kuna Athens nyingine huko Georgia, nayo ina chuo kikuu. Ilibaki siku nne nisafiri ndiyo tukagundua.

Nilifika 2011. Oktoba ikaisha, nikasikia watu wanasema kuna sherehe ya Halloween. Nikadhani ni watoto kuomba peremende. Ndugu zangu, Court Street, barabara kuu ya katikati ya mji, ilifungwa, watu maelfu kwa maelfu kutoka miji mingine, kila mmoja amevaa kioja. Polisi wamepanda farasi. Nilikuwa nimesimama kando na koti langu kubwa, naogopa, mara mifupa ya mtu ikanijia mbio ikipiga kelele, "Shikamoo!" Alikuwa mwanafunzi wa darasa la Kiswahili, alikuwa amenisikia nikiongea na rafiki yangu kwa simu. Nilikuwa na miaka 24, sijawahi kupewa shikamoo na mtu yeyote. Nikaitikia "marahaba" kwa sauti ya nyanya yangu.

Hayo yalikuwa usiku. Asubuhi Jumapili saa mbili nilipita barabara hiyo hiyo kwenda ibadani, imefagiliwa, hakuna hata kikombe. Ndipo nikaujua huo mji.

Kimbunga2000

Mkuu Mwalimu wa Zamu, hilo tofali ulipewa au "ulipewa"?

Mwalimu wa Zamu

Nilinunua dola mbili kwenye mnada wa vitu vya zamani nje ya nyumba ya mtu. Risiti sina, lakini dhamiri ninayo.

Bobcat Mstaafu

Vijana, mimi nilikuwepo 1986 mpaka 1988, kabla hamjajua intaneti ni nini. Mambo mengine mnayaona ya kawaida hayakuwepo. Zile ngazi za umeme za Baker Center, jengo la wanafunzi pale chuoni, zinazowapandisha kilimani bila jasho zilikuja 2007. Sisi tulipanda kwa mapafu.

Na ratiba ya chuo haikuwa hii ya mihula miwili, hiyo ilianza 2012. Zamani mwaka uligawanywa robo robo, na robo ya kwanza ilikwisha kabla ya sikukuu ya Shukrani ya mwezi wa kumi na moja. Halafu likizo mpaka baada ya mwaka mpya. Wiki sita! Mabweni yanafungwa, migahawa inapunguza saa, mji unabaki kama soko baada ya magharibi. Mwanafunzi wa Kitanzania asiye na nauli ya kwenda popote anabaki anahesabu taa za barabarani.

Nilipanga chumba kwa bibi mmoja, mjane, karibu na mto Hocking. Mto wenyewe siyo ulipokuwa zamani. Ulikuwa ukifurika kila mara mpaka ndani ya mabweni, wakauchimbia njia nyingine kuanzia 1969. Kandokando yake kuna miti ya micheri iliyotoka Chuo Kikuu cha Chubu, Japani, mwaka 1979, miti 175 kwa miaka 175 ya chuo. Ikichanua Aprili utadhani mvua imesimama hewani. Lakini hayo ni ya watalii, ngoja niseme ya bibi.

Baba yake alikuwa mchimba makaa ya mawe. Vilima vile vyote mnavyoviona chini vimetobolewa. Tarehe 5 Novemba 1930 mgodi wa Millfield, kaskazini kidogo ya mji, ulilipuka, wakafa watu 82. Mpaka leo hiyo ndiyo ajali kubwa kuliko zote za migodi katika historia ya Ohio. Bibi alikuwa na miaka kumi. Baba yake hakuwa zamu siku ile. Mjomba wake alikuwa zamu.

Huyu bibi alifua mashuka ya wanafunzi miaka ishirini, na hakuwahi kuingia maktaba ya Alden hata siku moja. Nilimuuliza kwa nini, akashangaa swali. Akasema, "Nina shida gani kule?" Nikamwambia kule kuna magazeti ya zamani kwenye filamu. Alikaa kimya. Baada ya siku mbili akaniuliza kama mtu asiye mwanafunzi anaweza kufukuzwa.

Tulikwenda likizo ile ya Desemba, kukiwa hakuna mtu. Mnajua Alden ilivyo, imejengwa ubavuni mwa kilima, ukitokea uwanja wa juu unajikuta umeingilia ghorofa ya nne na unashuka badala ya kupanda. Alishika kitambaa changu cha shingo kama mtoto anayeshika kanga ya mama sokoni. Nikamwekea filamu kwenye mashine, nikawa nazungusha taratibu mpaka Novemba 1930. Orodha ya majina ikatokea. Akaweka kidole kwenye kioo, akakishusha jina kwa jina, akasimama. Hakusema kitu. Alifuta miwani, akaniambia nizungushe tena nirudi mwanzo, akasoma yote 82.

Nilirudi nyumbani 1988. Tuliandikiana barua miaka saba.

Dada wa Nakuru

Mzee wangu, nimeshindwa kuendelea na kazi hapa ofisini.

Mama Mapacha wa Moro

Shikamoo Bobcat Mstaafu. Nami nipite na langu, jepesi.

Mimi sikwenda kusoma, nilimfuata mume. Yeye maktaba, mimi nyumba za familia na watoto wawili wa miezi minane. Mji wa wanafunzi ukiwa siyo mwanafunzi una upweke wake. Kila mtu ana miaka ishirini na ana haraka. Waliokuwa na muda na mimi ni wakulima wa gulio la Jumamosi, kule East State Street, wazee wa vilimani wenye lafudhi ambayo hata mume na Kiingereza chake cha tasnifu alikuwa haipati. Mmoja alikuwa ananiongezea nyanya na kusema kitu, mimi nacheka, naye anacheka. Miezi mitatu hatujaelewana neno na tumekuwa marafiki.

Huyo ndiye aliyenieleza kuna tamasha la *pawpaw*, mwezi wa tisa, ziwani Snowden. Nikafurahi, nikajua papai hilo, nimekaa mwaka sijaonja papai la maana. Tumefika, natafuta mapapai, sioni. Naoneshwa tunda la kijani saizi ya embe dogo, laini, limeanza madoa meusi. Nikasema hawa wazungu wamepotea. Nikalipasua: nyama ya njano kama uji mzito, mbegu kubwa nyeusi zinazoteleza. Kuonja hivi, topetope! Limechanganyika na ndizi mbivu kidogo, lakini topetope kabisa. Baadaye mume akasoma, kumbe kweli ni ukoo mmoja na mtopetope na mstafeli, na linaota lenyewe porini kule kwenye theluji. Dukani hulioni kwa sababu likichumwa halivumilii siku tatu. Niliwalisha mapacha kwa kidole nikiwa nimekaa kwenye nyasi, nalia na kucheka.

Ustadh wa Pemba

Assalaam alaykum. Mimi nina Ramadhani ya 2015. Ilianza tarehe 18 Juni, chuo kimefungwa, jua linatua saa tatu kasoro usiku. Msikiti upo, mdogo, tulikuwa wachache kutoka kila pembe ya dunia. Msaudi analeta kabsa, Mmalaysia analeta wali wake wa nazi, na mimi nina nini? Sembe hakuna, muhogo hakuna.

Nikapanda basi la GoBus kwenda Columbus, kwenye maduka ya Wasomali. Nimesimama mbele ya muhogo wa barafu napiga hesabu kwa sauti, mwenye duka nyuma yangu akasema, "Chukua huu, ule una nyuzi." Kiswahili cha Eastleigh kimenyooka. Akanipunguzia dola tatu na kunipa tende za bure. Nilirudi na mfuko begani nikashuka Court Street saa tano usiku. Barabara nzima nilikuwa peke yangu, taa za ishara zinabadilika rangi kwa ajili yangu tu.

Muhogo wa nazi ule ulikwisha kabla ya kabsa. Nalisema hili kwa fahari.

Kijana Mpya

Wakubwa, mimi naondoka Agosti kwenda huko huko, shahada ya uzamili. Nimesoma mpaka mwisho. Nibebe nini?

Mwalimu wa Zamu

Viatu vyenye meno chini. Vingine vyote utanunua.

Ustadh wa Pemba

Na bizari ya pilau. Ya kule haina harufu.

Bobcat Mstaafu

Kijana, ukifika, Jumamosi moja usilale. Panda basi au omba lifti mpaka Nelsonville, kilomita ishirini tu. Utaona tanuru za zamani za matofali zimebaki na dohani zake, zimesimama tu hapo kando ya barabara. Kisha niandikie ujumbe humu ndani, nitakupa jina la mtaa. Nataka kujua kama ile nyumba ya mtoni ingalipo.