Msaada wa haraka: Kiingereza cha watoto wadogo na cha kuchoka

Mtu_wa_Kadutu: Bandugu wa Bukavu, nisaidieni. Naandika barua ya kazi ya kulea watoto kwa wageni. "Baby" nimeliweka mara 11 kwenye ukurasa mmoja! Nipeni mengine, na ya kazi inayochosha roho pia.

Mwalimu_Ibanda: Inategemea umri. "Newborn" ni siku 28 za kwanza. "Infant" hajafika mwaka. Ni Kilatini, maana yake asiyesema, usilichanganye na "enfant" yetu ya Kifaransa, ambayo ni mtoto yeyote. "Toddler" ni wa mwaka 1 hadi 3, anayetembea akiyumba kama aliyekunywa kasiksi.

Mama_Mapacha: Wangu walitembea na miezi tisa, wakamwaga makala ya jiko nyumba nzima. Siku hizi wazazi wanazaa, wengine wanalea!

Mwalimu_Ibanda: Kuchosha kuko namna nyingi. "Tedious" ni kazi inayorefuka bila kwisha, "monotonous" ni wimbo uleule kila siku. Wewe uliandika nini?

Mtu_wa_Kadutu: "I am boring without children."

Kahawa_Chungu: 😂😂 Umemwambia mzungu kwamba wewe ndiye unachosha watu! Ulitaka "bored".

Mwalimu_Ibanda: Barua ingali mkononi, ndugu?

Mtu_wa_Kadutu: Ilienda Jumatatu. Nataka kutuma nyingine ya kusahihisha. Na si yangu, ni ya bibi yangu, yaani mke. Hajui bado. Lakini kamusi ya Kifaransa ilisema "ennuyeux" ni "boring", kosa langu liko wapi? Halafu watoto wanampenda, atafurahi tu.

Mama_Mapacha: Bila kumuuliza? Marehemu mume wangu aliuza cherehani yangu hivyohivyo, eti nitafurahi. Mpaka leo nashona kwa mkono.

Kahawa_Chungu: Ngojeni. Mwezi uliopita huyu alitafuta chumba Nyawera, akasema anakaa peke yake. Bibi gani? Tunachezewa hapa.

Mtu_wa_Kadutu: Ni bibi! Wamebaki mbuzi wawili tu. Baba yake anasema bila hao binti hatoki. Mshahara wa kwanza ungewaleta.

Mama_Mapacha: Ooo! Kumbe binti wa watu ajilipie mahari!

Mtu_wa_Kadutu: Mwalimu, wacha hao. Mtoto wa kule ana miezi 14. Niandike lipi?

Mwalimu_Ibanda: "Toddler". Na binti umwambie leo, kabla hawajampigia simu.