Dashibodi inasema "imefanikiwa", tovuti inaendesha msimbo wa zamani. Huu upandishaji otomatiki unatudanganya

Wakuu salaam,

Nina hasira na sitaificha. Tunalipia huduma ya wingu ambayo tuliichagua kwa sababu moja: ukisukuma msimbo kwenye tawi kuu (toleo rasmi) la repo, yaani hifadhi ya msimbo wetu iliyoko kwenye tovuti ya GitHub, yenyewe inauchukua, inaujenga na kuuweka hewani bila mtu kugusa seva. Huo ndio upandishaji otomatiki. Ilifanya hivyo kwa muda mrefu. Kisha ikaacha, na haikumwambia mtu yeyote. Hakuna barua pepe iliyokuja, hakuna alama nyekundu iliyowaka, na kwenye dashibodi maandishi ya "imeunganishwa" yalibaki palepale.

Waliotufumbua macho ni wateja. Kulikuwa na hitilafu ya malipo: mtu akibonyeza kitufe cha kulipia mara mbili haraka haraka, anakatwa mara mbili. Tuliirekebisha, marekebisho yakapitiwa, majaribio yakapita, komiti (badiliko la msimbo lililohifadhiwa na kupewa nambari yake) ikaingia tawi kuu, tukawatangazia watu kwamba mambo yamekaa sawa. Wakaendelea kukatwa mara mbili. Hebu fikiria unamwambia mteja "tumesharekebisha", naye anakutumia risiti mbili za muda uleule. Huo uaminifu unaurudishaje?

Nikafungua tiketi. Jibu la kwanza: futa kashe ya kivinjari. Sikuwa nimeuliza kuhusu kivinjari. Niliwatumia majibu ya seva niliyoyachukua kwa curl, programu ya kuomba kurasa kwa amri, nje ya kivinjari chochote, kutoka mitandao tofauti, na yote yalionyesha faili zilezile za zamani. Jibu la pili: hakikisha jina la tawi. Hilo ni swali la haki, kwa sababu tangu Oktoba 2020 repo mpya za GitHub zinaanza na tawi linaloitwa main, na huduma iliyowekwa kusikiliza master, jina la zamani, itakaa kimya milele. Lakini picha ya mipangilio nilikuwa nimeiambatanisha tangu mwanzo, na ilisema main kote kote. Jibu la tatu: angalia herufi kubwa na ndogo kwenye majina ya faili, kwa sababu Linux inazitofautisha. Kweli inazitofautisha, na tatizo hilo limewasumbua wengi wanaoandikia Windows. Ila likitokea, ujenzi unakwama na kuacha kosa kwenye logi (kumbukumbu za mfumo). Sisi hatukuwa na kosa lolote kwenye logi. Hatukuwa hata na logi ya ujenzi mpya! Mtu aliyesoma tiketi yangu asingeniandikia hivyo.

Ikabidi nichimbe mwenyewe. Kwenye mipangilio ya repo, upande wa webhuku (taarifa ambazo GitHub inaitumia huduma nyingine kila msimbo mpya unapoingia), GitHub inaweka orodha ya taarifa ilizotuma karibuni pamoja na jibu ililopata kwa kila moja. Wengi hamuifungui hii orodha, ifungueni. Nilitarajia kukuta makosa, maana GitHub ikikosa jibu ndani ya sekunde 10 inakata, na taarifa iliyoshindikana hairudii kuituma yenyewe. Nikakuta kinyume. Kila komiti yetu ilikuwa imetumiwa taarifa, na kila taarifa ilikuwa imejibiwa 200, nambari inayomaanisha imepokelewa sawa. Yaani repo imebisha hodi, mtoa huduma ameitikia "karibu", halafu mle ndani hakuna aliyeinuka kitini. Tangu hapo nikajua tatizo haliko kwetu wala haliko GitHub.

Nilichokuja kukipata ni hiki. Huduma ile inaunganishwa na repo kwa tokeni (ufunguo wa kidijitali wa kuingilia) ya mtu binafsi, yule aliyebonyeza "unganisha" siku ya kwanza. Mwenzetu huyo alihamia kazi nyingine, na akaunti yake ikaondolewa kwenye shirika letu la GitHub, kama inavyopaswa. Alipoondolewa, tokeni yake ikapoteza haki ya kusoma repo zetu za siri. Webhuku haikuathirika kwa sababu imekaa kwenye repo yenyewe, ndiyo maana taarifa ziliendelea kwenda. Mtoa huduma akawa anapokea taarifa, anajaribu kuchukua msimbo kwa tokeni isiyo na haki, anashindwa, anakaa kimya. Hapakuwa na mahali popote kwenye nyaraka zao palipoandikwa kwamba muunganisho wa timu nzima unategemea ajira ya mtu mmoja.

Logi za ndani nilizipata baada ya kuwabana sana, na ujumbe uliokuwemo ulisema repo haikupatikana. Mhudumu akaniandikia kwa kujiamini kwamba tumeifuta repo yetu. Huyu ni mtu anayelipwa kusaidia watengenezaji! GitHub, kwa makusudi, ikiulizwa repo ya siri na mtu asiye na haki, inajibu kwamba haipo, ili isimthibitishie mgeni kuwa kuna kitu cha jina hilo. Kwa hiyo "haikupatikana" kwenye muunganisho uliokuwa ukifanya kazi mara nyingi maana yake ni ruhusa, na mtu wa huduma hii alipaswa kulijua hilo kabla ya kukaa kwenye kile kiti.

Sasa sikilizeni kuhusu kitufe cha "pandisha upya", kwa sababu hapa ndipo hasira yangu ilipo. Muda wote huo walikuwa wakiniambia nikibonyeze. Nikibonyeza, ujenzi unaanza, maandishi yanatiririka, mwishoni tiki ya kijani: imefanikiwa. Tovuti ni ileile. Kumbe kitufe hicho hakiendi kwenye repo kabisa, kinajenga upya komiti ya mwisho waliyowahi kuichukua, ile ya kabla tokeni haijafa. Kwa hiyo kila nilipobonyeza nilikuwa naupandisha tena ule ule msimbo unaowakata watu mara mbili, na dashibodi inanipongeza. Hawakuonyesha nambari ya komiti. Walionyesha saa ya kupandisha tu, na saa ilikuwa mpya. Mtu yeyote mwenye akili timamu angeamini kwamba msimbo mpya uko hewani.

Tulipofika hapo wakaja na suluhisho: kata muunganisho, kisha unganisha upya kwa akaunti nyingine. Nikauliza kwa maandishi kama kuna kitu kitapotea. Nikajibiwa kwa maandishi kwamba hapana. Nikafanya. Vigezo vyote vya mazingira, yaani mipangilio ambayo programu inaisoma inapowaka, vikafutika: anwani ya hifadhidata, funguo za malipo, vyote. Kontena jipya (kifurushi ambamo programu inaendeshwa) likawaka, likakosa anwani ya hifadhidata, likafa. Mfumo wao ulipoona limekufa ukalirudisha la zamani. Kurudisha la zamani si kosa, ni jambo jema, tovuti isizimike. Lakini dashibodi iliandika nini? Imefanikiwa. Kwa sababu kwao "imefanikiwa" inahesabiwa ujenzi unapoisha, na kinachotokea baada ya hapo, kama programu imewaka, kama inajibu, kama ndiyo inayopokea wageni, hakiingii kwenye hesabu.

Huu ni uongo. Sina neno jingine la kuuita. Kazi tuliyowapa ni kuweka msimbo hewani, wao wanaripoti kwamba wamemaliza kuufungasha. Afadhali mfumo unaoshindwa kwa kelele, maana ukishindwa kwa kelele utaamka usiku utarekebisha. Unaoshindwa huku umewasha taa ya kijani unakuacha unalala huku wateja wako wanaumia.

Na wasije wakasema jambo la tokeni ni la nadra, halikutarajiwa. Agosti 13, 2021 GitHub iliacha kukubali nywila za akaunti kwenye shughuli za Git, na kila aliyekuwa ameweka nywila kwenye skripti zake akakatika. Aprili 2022 zikaibwa tokeni za muunganisho wa Heroku, huduma nyingine ya wingu, na GitHub, Heroku wakalazimika kuzifuta zote, na upandishaji otomatiki kutoka GitHub ukasimama kwa wateja wao kwa wiki kadhaa. Dunia nzima ya kazi hii iliona. Baada ya hapo, mtoa huduma ambaye hana hata barua pepe ya kusema "tumeshindwa kusoma repo yako" amekusudia kutojali.

Kwa walio kwenye huduma za namna hii, mambo ya kuangalia leo hii, kabla hayajawakuta. Angalieni muunganisho wenu umesajiliwa kwa jina la nani. Kama huduma yenu inatumia programu ya GitHub inayosakinishwa kwenye shirika, mko salama zaidi, hiyo haifi mtu akiondoka. Funguo ya kupandishia inayowekwa kwenye repo nayo ni nzuri, ila funguo moja haitumiki kwenye repo mbili, kwa hiyo wenye repo nyingi jipangeni. Nakili vigezo vyote vya mazingira mahali salama nje ya dashibodi kabla ya kukata chochote, hata kama wameapa havifutiki. Kontena likifa mara tu baada ya kuwaka, tazameni nambari ya kutoka: 137 mara nyingi ni kumbukumbu imejaa na mfumo umeliua. Kama programu inawaka lakini hakuna anayeifikia, angalieni inasikiliza kwenye 0.0.0.0 (inapokea kutoka nje) na si 127.0.0.1 (ndani ya mashine yenyewe tu), na kwenye porti, yaani nambari ya mlango, wanayowapa wao.

Na zaidi ya yote, msiiamini tiki. Sisi sasa wakati wa kujenga tunaandika nambari ya komiti ndani ya programu yenyewe, ukiiomba /toleo inakujibu iko kwenye komiti gani. Kupandisha tumekuhamishia kwenye mtiririko wetu wa GitHub Actions, sehemu ya GitHub inayoendesha kazi zenyewe, na hatua yake ya mwisho inaiuliza tovuti iliyo hewani nambari hiyo na kuilinganisha na GITHUB_SHA, yaani nambari ya komiti iliyoanzisha kazi hiyo. Zikitofautiana baada ya dakika chache, kazi nzima inakuwa nyekundu na timu inapata ujumbe. Ni mistari michache tu ya skripti. Kampuni inayotoza pesa kila mwezi kwa kazi hiyohiyo imeshindwa kuiandika.

Tiketi yangu wameifunga kwa kuandika "limetatuliwa", eti kwa sababu tumehamia njia nyingine. Nimeifungua upya na madai matatu: waonyeshe nambari ya komiti iliyo hewani kwenye ukurasa wa kwanza wa dashibodi, watume taarifa wakishindwa kusoma repo, na waturudishie malipo ya kipindi chote ambacho taa yao ilikuwa ya kijani bila kazi kufanyika. Wateja wetu waliokatwa mara mbili tumeshawarudishia sisi, kutoka mfukoni mwetu.

Aliyewahi kudai fidia ya aina hii akalipwa, aweke hapa alitumia ushahidi gani. Mimi nina orodha ya webhuku zilizojibiwa 200, logi zao wenyewe, na lile jibu la maandishi kwamba vigezo havitapotea.